Usiiamini namba ya kompyuta kwenye chesi kete zikibaki chache

Ukifungua programu ya chesi kwenye simu, pembeni utaona kinamba, tuseme +4. Maana yake kompyuta inaona mweupe yuko mbele sana. Wengi tunaamini hapo hapo. Ila kete zikishabaki chache ubaoni, namba hiyo inaweza kukuingiza mjini.

Chukua mfano huu. Mweupe ana mfalme, askofu na kitunda kimoja kilichoko pembeni kabisa ya ubao. Mweusi amebaki na mfalme tu. Ukihesabu kete, mweupe anashinda. Lakini kama kona ambayo kitunda kinaenda kugeuka malkia ni ya rangi ambayo askofu wake hapiti, na mfalme mweusi ameshawahi kufika konani, hiyo ni sare. Hakuna wa kumtoa pale. Programu za zamani zilikuwa zinajitangazia ushindi huku mchezo umeshakufa. Za sasa, kama Stockfish, mtego huu zinaujua, ila ipo mingine migumu zaidi.

Sasa unaipimaje kompyuta inayomshinda hata bingwa wa dunia? Bahati nzuri, kwa kete chache majibu sahihi yapo tayari. Wataalamu waliiambia kompyuta ianzie mwisho, mfalme akiwa ameshafungwa, kisha irudi nyuma hatua kwa hatua hadi kila hali ijulikane: ushindi, sare au kipigo. Hazina ya Syzygy, iliyobuniwa na Ronald de Man, inafika kete saba, wafalme wawili wakiwemo. Ya kete sita pekee inakula kama GB 150.

Mpimaji kwanza anaizima hazina hiyo ndani ya programu. Akiiacha, ni sawa na mwanafunzi kuingia na majibu kwenye chumba cha mtihani. Halafu anaipa programu hali nyingi, muda mfupi kwa kila moja, na kulinganisha hatua zake na majibu. Ikigeuza ushindi kuwa sare, kosa. Ikigeuza sare kuwa kipigo, kosa.

Je, ikishinda kwa kuzungukazunguka? Hapo ndipo pana ubishi. Leela Chess Zero inajulikana kwa tabia hiyo: ikishaona kila njia inaleta ushindi, haina haraka, inachezea tu. Kwangu mimi hilo nalo ni udhaifu, kwa sababu zikipita hatua 50 za kila upande bila kete kuliwa wala kitunda kusogea, mpinzani anaruhusiwa kudai sare.

Kanuni hiyo iliwahi kumtoa jasho binadamu. Miaka ya 1970 Ken Thompson, mmoja wa waliotengeneza Unix, alikuwa na hazina ya malkia dhidi ya ngome. Walter Browne, bingwa wa Marekani, alipewa malkia, kompyuta ikajilinda na ngome. Mara ya kwanza hatua 50 zilimwishia bila ushindi. Aliporudiana nayo, aliikamata ngome kwenye hatua ya 50 yenyewe.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, Lichess inakuonyesha bure majibu ya hali za hadi kete saba. Weka mchezo wako wa jana, ulinganishe na ile namba uliyoiamini.