Kabla ya Kuchimba Choo, Tumwite Mkaguzi

Mwezi huu tunaongea juu ya choo. Tusicheke, maana hapa ndipo afya ya nyumba inapoanzia.

Vyoo vingi vya familia vimejaa, na kila mtu anataka kuchimba kingine kabla mvua hazijaanza. Utaratibu tunaujua: unapeleka jina kwa kiongozi wa bloku, mkaguzi wa afya anakuja kuangalia mahali na kuweka alama, ndipo unachimba. Shimo likiisha anarudi kulipima, ndipo unapewa slabu. Lakini wengine wanasema, "Si ni shimo tu? Ruhusa ya nini?" Wanachimba haraka haraka, halafu wanamwita mkaguzi aje aone kazi iliyokwisha. Akikataa, basi maneno yanaanza, ati anatuchukia.

Ruhusa ile inalinda maji ya jirani. Uchafu wa shimoni haukai pale pale. Unashuka na maji, unapita kwenye udongo mpaka kisimani kwa watu ambao hata hawajui kwamba umechimba. Ndiyo sababu choo kinatakiwa kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisima au chemchemi, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Pale penye mawe yenye nyufa hata mita 30 hazitoshi, kwa sababu maji hukimbia ndani ya nyufa bila kuchujwa.

Tena kuna kina. Chini ya shimo na maji ya ardhini kubaki mita 1 na nusu. Hapa wengi tunadanganyika. Unachimba wakati wa kiangazi, unakuta pakavu kabisa, unafurahi unaongeza mita nyingine. Masika yakija, maji yanapanda yanaingia shimoni. Mkaguzi anayekuambia "simama hapo" hakuonei wivu, anajua maji ya masika yanafika wapi.

Wazee wetu waliopita Goma mwezi wa 7 mwaka 1994 hawahitaji kuelezwa. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwa siku chache tu, wakakaa juu ya mawe ya volkano ambayo jembe haliingii. Kuchimba choo kulishindikana, na wengi walikunywa maji ya ziwa Kivu bila dawa. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Sisi hapa tuna udongo unaochimbika.

Hata mjini, mwenye nyumba anayejenga tangi la maji taka anatakiwa apeleke ramani na kuomba kibali. Kwa hiyo tusione kama ni sheria ya wakimbizi peke yao.

Sasa tuseme na upande wa pili, kwa kuwa haki ni haki. Kuna familia zilizotoa majina zikangoja majuma mengi bila kuona mtu. Mama mwenye watoto saba na choo kilichojaa hawezi kungoja hivyo, na akichimba bila ruhusa kosa si lake peke yake. Tunawaomba viongozi waandike siku jina lilipopokelewa, na mkaguzi aseme atakuja lini. Wakati wa kungoja, majirani tusaidiane, mradi choo kimoja kisizidi watu 20.

Mkaguzi akija, baba au mama mwenye nyumba awepo, asiachiwe watoto. Mwonyeshe kisima kilipo na maji ya mvua yanapopita. Muulize kama udongo unahitaji tofali juu, maana kwenye mchanga mdomo wa shimo ukibomoka, slabu inaondoka na mtu aliye juu yake. Shimo la mita 1 kwa mita 1, kina mita 3, linaweza kuitumikia familia ya watu 6 miaka 6 hivi, kama hatutupi humo makopo, nguo na mifuko. Wengi tunajaza vyoo kwa takataka halafu tunalalamika.

Na kile cha zamani je? Kikibaki nusu mita kujaa, tuache kukitumia. Tung'oe slabu kwa uangalifu, itafaa kwenye shimo jipya. Tujaze udongo mpaka uwe kichuguu, kwa sababu utashuka, na tuzungushie miti ili watoto wasicheze hapo. Shimo la zamani lililofunikwa kwa majani na karatasi la plastiki ni mtego. Mkaguzi akikuta hivyo anaweza kukataa kukupa slabu mpya, na hapo sisi tunamuunga mkono.

Majina yanapokelewa kwa viongozi wa bloku. Wazee, wajane na walemavu wasioweza kuchimba waseme hivyo siku ile ile wanapoandikisha, ili vijana wa bloku wapangiwe kuwasaidia.