Muchezo unakwama mu ordinatere? Mbele ya kununua ingine, angalia vumbi

Siku ya posho, yaya yangu alirudi kutoka posti ya usiku mgodini, hapa Kolwezi, akakuta kijana wake ameshika maneti na uso umekunjamana. Mu ordinatere, bachezaji ba PES 2013 walikuwa wanatembea kama watu wenye kulewa: hatua moja, wanasimama, hatua mbili, wanasimama tena.

«Papa, hii mashini imekufa. Tuuze ingine,» kijana akasema.

Muuzaji mmoja wa mjini alikuwa amemwambia vile: mashini imezeeka, haina dawa. Na bei ya ile aliyomuonyesha ilikuwa karibu sawa na minervale ya dada yake ya mwaka mzima. Yaya hakujibu kitu. Aliniita: «Wewe unajua kidogo mambo ya ordinatere. Kuja uangalie mbele nitoshe franga.»

Nilikwenda. Yale tuliyofanya siku ile, hata wewe unaweza kuyafanya nyumbani.

Kwanza, ujue mashini yako

Bonyeza pamoja kitufe cha Windows na R, kisha andika dxdiag. Mashini itakuonyesha RAM yake, prosesa yake na karte grafike yake. Linganisha hayo na yale muchezo unaomba. PES 2013 ilitoka mwaka wa 2012, na iliomba RAM ya giga 1 kwa uchache. Mashini ya kijana ilikuwa na giga 4. Basi uzee haukuwa sababu. Kulikuwa ugonjwa mwingine.

Joto, adui wa kwanza

Niliuliza: «Inaanza kukwama saa gani?»

«Papa Mudogo, mwanzoni inaenda muzuri. Kiisha dakika kumi njo inaanza.»

Hiyo ni alama kubwa. Prosesa ikipata joto kali, inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Na ile mashini ilikuwa juu ya kitanda, tundu zake za chini zimezibwa na blanketi. Nilipoweka mkono pembeni, hewa ya moto ilikuwa inatoka kidogo tu.

Yaya ni mekanisie wa makamiyo ya mgodi. Akainama, akaangalia, akasema: «Kumbe ni radiatere!» Alicheka, lakini kwa uchungu. Kila siku anasafisha vumbi mu radiatere ya makamiyo, na mu nyumba yake hakuna mtu aliyewahi kusafisha ile ya mtoto.

Tulizima mashini, tukatoa sharjere na batri, tukafungua visi vya chini. Vumbi jekundu lilikuwa limeshikana mbele ya vantilatere kama kipande cha kitambaa. Tulilitoa kwa brosi laini na kavu, tukizuia vantilatere kwa kidole isizunguke. Musitumie hewa ya kompresere ya atelie: ina nguvu sana, na mara nyingi inatoka na maji. Na kama mashini yako haifunguke kwa urahisi, peleka kwa reparatere. Kusafisha hakuwezi kulipwa kama mashini mpya.

Tangu siku ile, laptop inakaa juu ya meza, na vipande viwili vya mbao chini yake ili hewa ipite. Kwetu wenye kuishi karibu na kariere na barabara za makamiyo, kusafisha mara moja kwa mwaka ni kidogo. Mu kiangazi, vumbi halina huruma.

Umeme

Wakati wa delestaji, watoto wanaendelea kucheza kwa batri. Lakini mashini nyingi zikiwa kwa batri zinapunguza nguvu ili zidumu. Cheza ikiwa umeme upo. Fungua «Options d'alimentation» na uchague «Performances élevées». Uangalie tena sharjere: mashini fulani zikiona sharjere dhaifu ao isiyo yao, zinapunguza mwendo wa prosesa. Soma wati zilizoandikwa chini yake. Zisipungue zile za sharjere ya kwanza.

Punguza mzigo wa picha

Ekrani nyingi za laptop za zamani zina nukta 1366 kwa 768, ni kusema zaidi ya milioni 1. Muchezo ukitaka kwenda bila kukatika, unapashwa kuchora nukta zote hizo mara 60 kwa kila segonde. Ukishusha mpaka 800 kwa 600, zinabaki 480.000, chini ya nusu. Picha haitakuwa nzuri sana, lakini mpira utakimbia. PES 2013 ina programu yake ndogo ya mipango: pale tulishusha ubora wa picha na ukubwa wake. Mu michezo mingine, ondoa kwanza vivuli.

Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Utaona programu zenye kula RAM kwa siri. Funga navigatere, funga zile usizozitumia. Pitisha pia antivirusi, juu ya virusi vingi vinaingia na kle USB tunazopeana kutoka mashini mpaka mashini.

Ukiwa na franga kidogo

Ongeza RAM mbele ya kitu kingine. Laptop nyingi za bei ndogo hazina memware ya pekee ya picha. Karte grafike inakopa mu RAM. Vipande viwili vya giga 4 vinafanya kazi kuliko kimoja cha giga 8, sababu mashini inasoma mu vyote viwili pamoja. Angalia aina yake: DDR3 haiingie pahali pa DDR4. Diski ya SSD nayo inafungua muchezo haraka, lakini haiongeze mwendo wa picha.

Usiamini programu zinazoahidi kuongeza RAM bila kununua kitu. Na batri ikivimba, acha kuitumia, usiitoboe: inaweza kushika moto. Ndani ya batri nyingi za laptop mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka inchi yetu. Hii ni mali tunayoijua; tuiheshimu hata nyumbani.

Kweli lazima isemwe

Hayo yote hayatafanya mashini ya giga 4 ibebe michezo mizito ya leo. Kamiyo ya tani 5 haibebe tani 40, hata uisafishe namna gani. Nilimwambia kijana vile, na alikubali, ijapo hakufurahi.

Magaribi ile PES ilikwenda muda wa saa nzima bila kukwama. Yaya alichukua maneti ya pili, akafungwa 4 kwa 0 na mtoto wake, kisha akaenda kulala kwa sababu posti ilikuwa inamungoja. Siku ya kwanza asubui, mama ya watoto alikwenda masomoni na franga za minervale ndani ya kitambaa, akarudi na risiti.