Maji Yakipwa, Mtandao Unakata: Wanachosoma Wahandisi wa Redio Ngazi ya Uzamili

Tuseme kuna mnara ufukweni na mwingine kisiwani, kilomita 30 kati yao, katikati maji matupu. Kila mnara umefungwa dishi mita 60 juu ya bahari iliyojaa, na mawasiliano yanapita kwa masafa ya gigahezi 7. Hakuna jengo, mti wala kilima kinachoziba. Hata hivyo siku za bamvua, maji yakipwa, mtandao wa kisiwani unakuwa mzito na pengine unakata kabisa. Maji yakianza kujaa, unarudi. Fundi anapanda mnarani, anakaza nati, anapima kebo, anabadilisha kifaa. Kila kitu ni kizima.

Anayesomea uzamili wa uhandisi wa mawasiliano yasiyotumia waya anatakiwa aweze kuieleza hali hiyo akiwa mezani, kwa kalamu na karatasi. Dishi la kisiwani halipokei wimbi moja. Linapokea lililokuja moja kwa moja, pamoja na lililogonga maji likaruka. Kwa pembe ndogo namna ile, bahari ni kama kioo hata ikiwa na mawimbi ya nusu mita. Wimbi lililogonga maji limezunguka kidogo: ukiingiza mviringo wa dunia kwenye hesabu, limesafiri karibu sentimita 15 zaidi ya mwenzake. Maji yakishuka mita 3.5, tofauti hiyo inafika karibu sentimita 17. Sentimita mbili na kitu ni nini katika safari ya kilomita 30? Kwa gigahezi 7, urefu wa wimbi zima ni sentimita 4.3, kwa hiyo nyongeza hiyo ni nusu ya wimbi. Maji yalipojaa, vilele vya mawimbi yote mawili vilifika karibu pamoja vikasaidiana. Sasa kilele cha moja kinakutana na bonde la jingine, na yanafutana.

Kuongeza nguvu ya mtambo hakusaidii, maana mawimbi yote mawili yanapata nguvu sawasawa na kuendelea kufutana. Dawa ni dishi la pili kwenye mnara uleule, mita 7 hivi chini ya la kwanza. Pale la juu linapopoteza, la chini linapata.

Nimeuanza mfano huu kwa makusudi, kwa sababu vijana wengi wanaomaliza shahada ya kwanza huuliza ni chuo gani kinafundisha 5G. Naelewa kwa nini wanauliza hivyo. Matangazo ya kazi yameandikwa kwa lugha hiyo. Lakini ushauri wangu ni kwamba usichague programu kwa jina la kizazi cha simu. Angalia kwanza inafundisha hisabati gani, kisha uulize mwanafunzi anapewa nafasi gani ya kupima mawimbi kwa mikono yake.

Hisabati yenyewe kwa sehemu kubwa ni nadharia ya uwezekano, na hapa ndipo wengi hushtuka. Juu ya bahari tulikuwa na mawimbi mawili, tukayahesabu. Mtaani Kariakoo simu haiuoni mnara. Inapokea makumi ya mawimbi yaliyogonga kuta, mabati, magari na watu, na kila hatua unayopiga inabadilisha jumla yake. Hakuna mtu anayeweza kuhesabu wimbi mojamoja. Mhandisi anachoweza kusema ni jambo litatokea mara ngapi. Kwa kanuni inayobeba jina la Mwingereza Lord Rayleigh, ukipima katika sehemu 100 za mtaa kama huo, tarajia moja hivi ambayo nguvu ya ishara iko chini ya sehemu ya mia ya wastani. Ukiwa na antena mbili ambazo bahati zao hazitegemeani, nafasi ya zote mbili kuangukia pabaya kwa pamoja ni moja kati ya 10,000. Mwanafunzi aliyeielewa hesabu hiyo ameelewa kwa nini simu aliyoishika ina antena zaidi ya moja.

Kwa miaka mingi wahandisi waliyaona mawimbi yanayoruka ukutani kuwa ni adui. Mwaka 1996 Gerard Foschini wa maabara za Bell, Marekani, alionyesha kwamba ukiweka antena kadhaa kila upande, vurugu hiyo inaweza kubeba mikondo kadhaa ya data kwa wakati mmoja na masafa yaleyale. Katika mtaa uliosongamana faida ni kubwa, ila juu ya bahari tupu ni ndogo sana. Kuelewa sababu kunataka aljebra ya matriki, somo ambalo wengi walilifanyia mtihani mwaka wa kwanza wakaachana nalo.

Jina ambalo mwanafunzi atakutana nalo kila wiki ni la Claude Shannon. Mwaka 1948 alithibitisha kwamba kila njia ya mawasiliano ina ukomo wa data inayoweza kupita bila makosa, na akatoa kanuni ya kuuhesabu. Chukua upana wa masafa wa megahezi 20, nguvu ya ishara ikiwa mara 100 ya kelele. Ukomo ni karibu megabiti 133 kwa sekunde. Ongeza nguvu maradufu, unapata 153. Bakiza nguvu ileile lakini ongeza upana uwe megahezi 40, unapata 227, ingawa kelele nayo imeongezeka maradufu. Kampuni za simu zinapopigania masafa kwenye mnada, hesabu hii ndiyo inayozisukuma.

Shannon alionyesha ukomo. Namna ya kuufikia ilichukua muda mrefu. Robert Gallager alibuni njia moja ya kusahihisha makosa katika tasnifu yake huko MIT mwaka 1960. Kompyuta za wakati ule hazikuimudu, ikawekwa kando zaidi ya miaka 30. Leo njia hiyo ndiyo inayolinda data za watumiaji katika 5G. Aliyesoma msingi wake miaka ya 1990 alikuwa ameshajiandaa kwa teknolojia ambayo haikuwa na jina bado.

Kuhusu pa kusoma, Afrika Mashariki haina ukame. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma vinafundisha uhandisi wa mawasiliano, vivyo hivyo Jomo Kenyatta kule Juja, na Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo kinachosomesha uzamili wa mitandao ya vihisi isiyotumia waya. Kabla ya kulipa ada, tembelea maabara ukaulize kifaa cha kupimia masafa kilitumika lini mara ya mwisho, na nani alikitumia. Kikiwa kimefungiwa kabatini, umeshajibiwa.

Hata hivyo, vifaa si kisingizio tena kama zamani. Kuna kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kilichotengenezwa kwa ajili ya televisheni, ambacho tangu 2012 hivi kimekuwa redio ya kujifunzia duniani kote. Kwa programu ya bure, mwanafunzi ananasa taarifa ambazo ndege hurusha kwa megahezi 1090 na kuzichambua biti kwa biti. Kupokea tu kunatosha kwa mengi. Kurusha kunahitaji kibali cha mamlaka ya mawasiliano.

Tasnifu ninayotamani kuiona zaidi ni ya mvua. Kwa gigahezi 23, mvua ya milimita 100 kwa saa hula takriban desibeli 10 kila kilomita, yaani ishara inabaki na sehemu ya kumi tu. Mpangaji wa mtandao anataka kujua ukali wa mvua unaozidiwa kwa asilimia 0.01 ya muda, ambayo ni kama dakika 53 kwa mwaka. Jumla ya siku haimsaidii: milimita 60 zilizonyesha kutwa nzima na 60 zilizomwagika kwa nusu saa zinaandikwa namba ileile. Kinachotakiwa ni kipimamvua kinachorekodi kila dakika, kikae jirani na mitambo inayorekodi nguvu ya ishara. Vipimo vya muda mrefu vya aina hiyo kutoka ukanda wa tropiki ni vichache kuliko vya Ulaya, na kanuni tunazotumia zinabeba upungufu huo. Mwanafunzi anayeitaka kazi hii afunge vifaa muhula wa kwanza, kabla hata jina la tasnifu halijapitishwa, maana masika na vuli za mwaka mzima haziwezi kubanwa katika miezi sita ya mwisho.