Tangi dogo la samaki ni mtego kwa familia inayoanza kufuga

FAMILIA nyingi za mijini zinazotaka kufuga samaki wa mapambo sebuleni huanza na chombo kidogo kuliko vyote vilivyopo dukani. Hoja huwa ni mbili: bei yake ni nafuu, na watoto wakichoka hasara haitakuwa kubwa. Wiki chache baadaye samaki huanza kuelea mmoja baada ya mwingine, watoto hulia, wazazi humlaumu muuzaji kwa kuwapa samaki wagonjwa, na chombo huishia stoo.

Mara nyingi muuzaji hana hatia hiyo. Kinyume na inavyodhaniwa, kadiri tangi linavyokuwa dogo ndivyo linavyodai ujuzi zaidi, na mwenye ujuzi mdogo ndiye anayelinunua.

Sababu imo katika maji yenyewe. Samaki hula, hupumua na kujisaidia ndani ya maji yaleyale. Uchafu wake, pamoja na mabaki ya chakula yanayooza chini, hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake hata ikiwa kidogo sana. Ziwani sumu hiyo hutawanyika katika maji mengi. Katika bakuli la lita 10 haina pa kwenda. Samaki yuleyule, akilishwa chakula kilekile, huyatia maji ya lita 10 sumu iliyo kali mara kumi kuliko ambavyo angeyatia maji ya lita 100. Ni kama kijiko cha chumvi: katika kikombe cha chai hakinyweki, lakini katika sufuria ya mchuzi wa familia nzima hakuna anayelalamika.

Wapo bakteria wanaoiondoa sumu hiyo. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa na inayopunguzwa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huishi juu ya mawe, mchanga na sponji ya chujio, na huchukua takriban wiki nne hadi sita kuongezeka hadi kutosheleza kazi. Tangi jipya, hata likimeremeta namna gani, halina walinzi hao. Katika tangi kubwa sumu hupanda polepole, hivyo familia hupata nafasi ya kumwona samaki akihemea juu ya maji na kuchukua hatua. Katika tangi dogo inaweza kupanda usiku mmoja watu wakiwa wamelala.

Joto nalo hufuata kanuni hiyo. Maji machache hupoa upesi na hupata moto upesi. Jijini Dar es Salaam samaki wengi wa nchi za joto huishi bila hita, lakini Nairobi, Arusha au Mbeya usiku wa Julai ni habari nyingine. Umeme ukikatika, hita na pampu ya hewa husimama kwa pamoja, na hapo lita 100 huhifadhi joto na oksijeni kwa muda mrefu zaidi kuliko lita 15, mradi samaki hawakurundikwa.

Je, tangi la kuanzia liwe la ukubwa gani? Hesabu yake ni rahisi: urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa, kisha jibu hugawanywa kwa 1,000. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54, na hicho ndicho kipimo cha chini ambacho anayeanza anaweza kukivumilia. Lililo bora zaidi ni la 80 kwa 35 kwa 40, yaani lita 112. Mchanga na mawe hupunguza kiasi hicho, tena tangi halijazwi hadi ukingoni.

Umbo pia lina maana. Oksijeni huingia kupitia uso wa maji, hivyo tangi refu lililolala ni bora kuliko lililosimama kama mnara, ingawa lita zake ni zilezile. Bakuli la mviringo ni baya kuliko yote. Nchini Italia, mji wa Monza ulipiga marufuku kufuga samaki katika bakuli za namna hiyo mwaka 2004, na Roma ikafuata mwaka 2005.

Kosa jingine ni kumpima samaki kwa urefu alionao dukani. Samaki wa dhahabu anayeuzwa akiwa na sentimita nne anaweza kupita sentimita 20, na uchafu wake ni mwingi. Lita 54 hazimfai. Mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao rangi zao zimewapatia soko duniani kote, hupigania makazi yao na huhitaji lita 200 au zaidi. Gapi ni wepesi kwa anayeanza, ila dume na jike wakiwekwa pamoja familia ijiandae kwa vifaranga karibu kila mwezi. Anayetaka samaki wa maziwa yetu kwa nafasi ndogo anaweza kumtafuta yule mdogo wa Ziwa Tanganyika anayeishi ndani ya makombe ya konokono, Neolamprologus multifasciatus, asiyezidi sana sentimita nne.

Hata hivyo, ukubwa una mpaka, na mpaka wenyewe ni ndoo. Robo ya maji inapaswa kubadilishwa kila wiki. Kwa lita 112 hiyo ni ndoo moja ya lita 20 na nusu yake hivi. Kwa lita 240 ni ndoo tatu, na anayeishi ghorofa ya tatu au kununua maji kwa dumu anajua maana yake. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi kwa saa 24 au yatiwe dawa ya kuiondoa.

Uzito nao usipuuzwe. Lita moja ni kilo moja, hivyo tangi la lita 112 pamoja na kioo, mchanga na mawe hukaribia kilo 150. Kabati la televisheni halikutengenezwa kwa mzigo huo. Meza ya chuma au mbao ngumu, iliyonyooka sawasawa, iwekwe kando ya ukuta, mbali na dirisha linalopigwa na jua, ambalo hugeuza maji kuwa ya kijani.

Wanaoagiza tangi kwa fundi wa vioo wamwelekeze atumie silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu, kwani ile ya bafuni huwadhuru samaki. Gundi ikishakauka vizuri kwa siku kadhaa, tangi lijazwe maji likiwa barazani, juu ya sehemu tambarare, na liachwe siku nzima. Likivuja, fundi alitengeneze kabla halijaingia sebuleni.