Mpira wa puani haukisiwi

Miongoni mwa maombi yanayotufikia katika kamati ya msikiti limo moja ambalo wengi wetu hatukulisomea chuoni. Familia imeruhusiwa kumrudisha mgonjwa wake nyumbani, naye ana mpira puani wa kupitishia chakula, na wenyewe wanauliza wanunue nini. Aghalabu ni mzee aliyepatwa na kiharusi, au mtu mwenye saratani ya umio, maradhi yasiyo mageni katika ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki. Tumbo lake lingali linafanya kazi. Kumeza ndiko kulikoharibika. Mpira, basi, si dalili kwamba tabibu amekata tamaa. Ni njia ya kukifikisha chakula pale koo liliposhindwa.

Wengi hutanguliza kuuliza bei ya maziwa ya makopo. Sisi tungependa fedha ya mwanzo iende kwenye vitu vidogo visivyo na fahari, maana hivyo ndivyo vinavyomlinda mgonjwa.

Mpira una namba, nayo huonyesha unene wake: namba 12 una upana wa milimita 4 kwa nje, na namba 16 umezidi kidogo milimita 5. Mwembamba hauichubui pua, lakini huziba upesi kwa uji. Mnene hupitisha vizuri, ila humkera mgonjwa. Namba iliyochaguliwa hospitali ndiyo inunuliwe, wala duka lisibadilishe kwa kuwa limeishiwa. Tena ipo mipira ya plastiki ya kawaida, ambayo hukakamaa tumboni na kwa kawaida hubadilishwa baada ya siku 7 hadi 10. Na ipo laini ya silikoni au poliurithani, ambayo hukaa wiki kadhaa kwa mujibu wa maelekezo ya kiwanda. Hii ya pili ni ghali siku ya kununua, lakini humwepusha mzee kuingizwa mpira upya mara kwa mara. Haja ikionekana itapita wiki 4 hadi 6, familia iulize habari za mpira unaopitishwa tumboni moja kwa moja. Ni operesheni ndogo inayoogopwa kupita kiasi.

Bomba la sindano liwe la mililita 50 au 60, lenye mdomo unaoingia sawasawa kwenye mpira, bila sindano yenyewe. Bomba dogo husukuma kwa nguvu kubwa na laweza kuupasua mpira. Hapa tuwanong'oneze ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanaotutumia maboksi ya vifaa: huko siku hizi hutumika kiungio kipya cha kuzungusha mithili ya skrubu, kilichobuniwa ili chakula kisije kikaunganishwa kimakosa na mshipa wa damu. Ni hekima kubwa, lakini bomba la namna hiyo haliingii kwenye mpira wa zamani. Tumeni bomba na mpira vinavyolingana, na mtazame tarehe ya kuisha muda.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo roho ya mtu imo ndani yake. Mpira unaweza kuhama, mgonjwa akikohoa, akitapika au akiuvuta usingizini, ncha yake ikaacha tumbo na kuelekea njia ya pumzi. Ukimimina uji hapo, umeumimina mapafuni. Nchini Uingereza, ambako wauguzi hawakosekani, mamlaka ya usalama wa wagonjwa ilitangaza mwaka 2011 kwamba vifo 21 viliripotiwa katika muda usiotimia miaka 5 kwa sababu ya chakula kuingia mapafuni kwa mpira uliokaa pasipo pake. Waliosoma fiqhi wanaijua kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Kwa mpira wa puani hukumu ni kinyume chake: shaka ndogo tu yatosha kusimamisha mlo.

Kabla ya kila mlo, tazama alama iliyowekwa penye tundu la pua. Ikiwa imesogea, usilishe. Kisha vuta majimaji kidogo kwa bomba uyapime kwa karatasi ya pH: kipimo cha 5.5 au chini yake huonyesha asidi ya tumbo. Karatasi ya litimasi ya maabara za shule haitoshi, kwani haionyeshi kiwango. Dawa za kupunguza asidi huweza kupandisha kipimo, basi mwuguzi aulizwe mapema. Ule mtindo wa kupuliza hewa na kusikiliza tumbo bado unafundishwa kwa mazoea, nao haufai kutegemewa. Mpira ukitoka, familia isiurudishe. Aitwe mwuguzi au mgonjwa apelekwe hospitali. Ule wa tumboni ukitoka, aharakishwe siku hiyohiyo, kwa sababu tundu huanza kuziba baada ya saa chache.

Wakati wa kulisha mgonjwa ainuliwe kichwa na kifua, naye abaki hivyo walau nusu saa baadaye. Chakula kichujwe, kisiwe cha moto, kishuke chenyewe bila kusukumwa. Maji safi yapitishwe kabla na baada, kwa kiasi alichoagiza mwuguzi. Dawa zisisagwe zote pamoja, na zile za kuyeyuka polepole zisisagwe kabisa, mfamasia ataeleza. Akikohoa au pumzi ikimbana, mlo usimame papo hapo.

Wageni nao wana sehemu yao. Mtu huja na maji ya Zamzam, kwa mapenzi mema, akataka kumnywesha kijiko kimoja. Kijiko hicho chaweza kwenda mapafuni. Yapitishwe kwenye mpira. Kinywa kisafishwe kila siku ingawa hakili kitu, maana uchafu wake huteremka na mate hadi kifuani.

Na Ramadhani ikiingia, asinyimwe mlo wa mchana ati afunge. Chakula cha mpirani hufunguza, naye ni mwenye udhuru. Habari ya kulipa au fidia iulizwe kwa sheikh.

Kando ya kitanda kiwekwe kidaftari chenye namba ya mpira, tarehe ulipowekwa, sentimita zinazosomeka puani, na simu ya mwuguzi.