Aliyekwenda Likizo na Ufunguo

Juma hili tuongee juu ya kufuli msilowahi kuliona kwa macho. Programu ya kompyuta huandikwa kwa maneno, na zile kubwa huandikwa na watu wengi. Tuseme Juma na Asha wamefungua faili moja asubuhi. Asha amehifadhi kazi yake saa nane, Juma saa tisa. Nakala ya Juma inafunika ya Asha, na jasho la Asha limekwenda na maji. Pengine hatajua mpaka programu ianze kukosea.

Dawa mojawapo ni kufuli. Mwaka 1982 Walter Tichy, wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, alieleza mfumo wake uitwao RCS. Anayetaka kuandika huchukua ufunguo wa faili. Wengine wanasoma tu, mpaka aurudishe. Ni haki, mtasema. Je, akienda likizo nao? RCS inaruhusu kufuli livunjwe, lakini mvunjaji hutakiwa kueleza sababu, na mfumo humpelekea barua aliyevunjiwa. Nakiri kwamba zipo ofisi nilizozijua ambazo hazikuwa na adabu hiyo hata kwa droo ya meza.

Kule Amsterdam, mwaka 1984, mwalimu Dick Grune alianza kuandika na wanafunzi wake wawili programu ya kutafsiri lugha ya C. Mwanafunzi mmoja alifuata saa za ofisi, wa pili hakuwa na saa maalumu, na mwalimu alipata nafasi jioni tu. Hapo kufuli lingewafunga wao wenyewe! Grune akatunga CVS, akaitoa kwa watu wote mwaka 1986. Kila mmoja ana nakala yake na huandika apendapo. Akiirudisha, kompyuta huunganisha mabadiliko. Wawili wakigusa mstari ule ule, inasimama na kuwaachia binadamu waamue.

Njia hiyo ndiyo iliyoenea. Hata hivyo kufuli halijafa, kwa kuwa picha na sauti hazina mistari ya kuunganisha. Wachoraji wawili wa mchezo wa kompyuta wakibadili picha moja, mmoja lazima apoteze kazi. Ndiyo maana hadi leo mafaili ya namna hiyo hufungwa, na mwenzao aliyekwenda likizo bado hupigiwa simu.