Unayepita Suam, lala Sipi usiku mmoja

Sisi tuliosomea uhamishoni Kenya tulizoea kurudi kwa Malaba au Busia. Siku hizi, nikitoka hapa Lubaga kwenda Kitale, napitia Mbale, Kapchorwa na Bukwo hadi mpaka wa Suam, nikiuzunguka Mlima Elgon.

Zamani mvua ikinyesha malori yalikwama kwenye matope, na wasafiri walilala na kula katika miji hiyo midogo. Sasa kilomita 73 za Kapchorwa hadi Suam zina lami. Magari yanapita mbio, na mama wa chai anabaki na birika lake.

Ndugu mfanyabiashara, simama kidogo. Sipi, kabla hujafika Kapchorwa, ina maporomoko ya maji matatu, refu kuliko yote likiwa na takriban mita 100. Ipo pia mahali pa kupiga hema. Beba sweta na blanketi, maana usiku ni baridi kali. Asubuhi nunua kahawa ya arabika kwa wakulima wenyewe.

Tuwaungishe wenyeji hawa. Gari likiharibika Bukwo usiku, mwenye duka unayemfahamu ndiye atakayekuhifadhia mzigo.